Maji ya Jibini
Ratili kumi za maziwa zikigandishwa ziwe jibini, hubaki karibu ratili tisa za maji ya manjano. Zamani viwanda vingi vya Ulaya na Marekani viliyamwaga mitoni. Sukari iliyomo ililisha vijidudu, navyo vikaimaliza hewa ya majini, samaki wakafa. Kuyakausha kwa moto kulikuwa na gharama kubwa mno.

Ajabu ni kwamba dawa ilitoka baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakitafuta maji matamu wala si maziwa, walitengeneza utando mwembamba: maji ya chumvi yakisukumwa kwa nguvu, maji hupenya, chumvi huzuiliwa. Katika miaka ya 1970 tando za namna hiyo ziliingia viwandani mwa jibini. Maji yakatoka pasipo kuchemshwa. Sukari na protini zikabaki, zikafanywa unga wa chakula.