Unataka mashine ya kukereza chuma nyumbani? Angalia haya kabla hujatoa hela

Mashine ya kukereza chuma, ile mafundi wanaiita lethi, si kitu cha kununua kwa kuangalia picha na bei tu.

Anza na kazi unayotaka kufanya. Tangazo likisema "inchi 7 kwa 14", namba ya kwanza ni kipenyo kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine, kama milimita 180. Ya pili ni urefu, kama milimita 350. Lakini juu ya kibebea kisu kipenyo hicho kinashuka hadi karibu milimita 110, na ukishafunga chaki na keekee, urefu nao unaliwa. Kwa bushi na shafti fupi za pikipiki inatosha. Ngoma ya breki ya gari, sahau.

Mashine hizi ndogo za China zina uzito wa kilo 40 hivi. Watu wawili wanaibeba bila shida, ila wepesi huohuo ndio unaofanya kisu kitetemeke kwenye chuma kigumu. Ukipata nzito na una pa kuiweka, chukua nzito.

Umeme ndipo wengi wanakwama. Mashine nyingi zilizotoka viwandani zina mota ya njia tatu, wakati nyumbani una njia moja ya volti 230. Inveta ya mota inatatua hilo, mradi mota yenyewe iweze kufungwa delta kwa volti 230. Muulize fundi umeme asome kibati cha mota kabla hujalipa, siyo baada.

Mtumba je? Mtumba mzuri unaishinda mpya ya bei rahisi. Myford ML7 ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946, na zipo ambazo bado zinakula chuma mpaka leo. Ila kagua. Kitanda huchakaa zaidi karibu na chaki, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo. Sogeza kibebea kisu kutoka kwenye chaki hadi mwisho wa kitanda. Kikilegea mwanzoni halafu kikabana mbele, kitanda kimeliwa, na kukinyoosha ni gharama kubwa. Mkono wa kuzungushia ukicheza kidogo usiogope, zote zinacheza.

Hesabu pia gia za akiba. Mashine ya Kiingereza yenye skrubu ndefu ya inchi inahitaji gia ya meno 127 ili ikate sawasawa nyuzi za milimita, na bolti za pikipiki ni za milimita. Gia hiyo mara nyingi imeshapotea.

Bakiza hela ya visu, chaki ya meno manne na vernia, maana vikijumlishwa vinaweza kukaribia bei ya mashine.

Miwani nunua. Glovu usivae mashine ikizunguka, zinavuta mkono. Na ufunguo wa chaki usiuachie mkono hadi uwe umeutoa kwenye chaki.