Kutoka Chupa ya Mkojo hadi Simu ya Bibi

Alasiri imeshasaliwa. Katika fleti moja ya Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, sinia ya halwa imewekwa zuliani na kahawa inamiminwa kwenye finjani. Simu ya mwenye nyumba inalia mlio ambao si wa mtu anayepiga. Bi mkubwa, mzaliwa wa Unguja ambaye Kiswahili chake cha Ng'ambo hakijachuja kwa miaka yote aliyokaa Oman, anaweka birika chini, anavaa miwani na kusoma: 3.6, na mshale umeinamisha kichwa. Mjukuu wake wa miaka 13 yuko mpirani, mitaa miwili kutoka hapo. Anampigia.

"Babu, toka uwanjani. Kula tende tatu, ukae kitako mpaka nikwambie."

"Bibi, zimebaki dakika kumi tu!"

"Kula."

Kikafuata kimya cha mtu anayetafuna.

Kijana huyo ana kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake imeziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kwa hiyo hujidunga mara kadhaa kwa siku. Halwa ya bibi haina kosa hapa, ingawa bado wapo majirani wanaomsuta mama yake kwamba alimlea kwa peremende. Nyuma ya mkono wake kumebandikwa sensa ndogo kama sarafu, yenye uzi mwembamba uliozama chini ya ngozi. Uzi unapima sukari, sensa inatuma namba kwenye simu yake, na simu yake inaituma kwa bibi.

Historia ya maradhi haya kwa kawaida husimuliwa kama historia ya insulini. Ni haki yake. Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki ngozi na mifupa, alidungwa dondoo ya kongosho iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Sindano ya kwanza haikumfaa. Ya pili, siku chache baadaye, James Collip alipokwisha kuisafisha dawa, ilimrudisha duniani, akaishi miaka 13 zaidi. Lakini insulini ikizidi inaua kama inavyoua kukosekana kwake, na inaua upesi zaidi. Mtu alipewa dawa ya kuokoa roho yake bila kupewa jicho la kuona kiasi anachohitaji. Jicho hilo limechukua karibu miaka 100 kufika kwenye zulia la Khuwair.

Mwanzoni jicho lilikuwa mkojo. Ibn Sina alikwisha kuandika kwamba mkojo wa mwenye maradhi haya una utamu, na wazee wetu walijua maana ya sisimizi kujipanga chooni. Katika karne ya 20 wagonjwa walifundishwa kupika mkojo wao. Matone manane yalitiwa kwenye maji ya buluu yaliyobuniwa na Mmarekani Stanley Benedict, yakachemshwa dakika tano, kisha mtu akatazama rangi: ikibaki buluu hakuna sukari, kijani ipo kidogo, manjano imezidi, nyekundu ya tofali ni balaa. Mwaka 1941 kikaja kidonge cha Clinitest kilichochemka chenyewe ndani ya bomba la kioo, jiko likapumzika.

Kasoro kubwa ya mkojo haikuwa uchafu wala harufu. Figo haziachii sukari mpaka sukari ya damu ipite takriban 10 kwa kipimo cha milimoli, na mkojo uliokusanyika kwenye kibofu ni habari ya saa zilizopita. Sukari ikishuka mno maji yale yanabaki buluu tu, kama kwa mtu mwenye afya. Ile 3.6 ya uwanjani isingeonekana kwa Benedict hata angechemsha mpaka magharibi.

Kwetu huku hata hilo lilikuwa la wachache. Kabla ya 1970 hospitali za Oman zilihesabika kwa vidole, na iliyojulikana zaidi ilikuwa ya wamisionari wa Kimarekani pale Matrah. Royal Hospital ilifunguliwa 1987, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Afrika Mashariki, ambako umeme ulikuwa na bado ni bahati katika vijiji vingi, wenye kujidunga walihifadhi chupa zao za insulini ndani ya mtungi wa udongo uliotiwa maji au mchanga mbichi, mahali penye kivuli. 

Jibu la kasoro ya mkojo lilikuwa kupima damu yenyewe, na mtu aliyeuhamisha upimaji huo kutoka hospitali hadi nyumbani hakuwa daktari. Richard Bernstein, mhandisi wa New York, alipatwa na kisukari mwaka 1946, akiwa na miaka 12. Alipofika miaka 35 alikuwa ameshaanza kuharibika figo. Mwaka 1969 alisoma katika jarida tangazo la mashine mpya ya kupima sukari ya damu, ya kampuni ya Ames. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya dharura, ili usiku wahudumu waweze kumtenganisha mlevi aliyezimia na mgonjwa wa kisukari aliyezimia. Iliuzwa kwa hospitali na madaktari tu. Bernstein alikuwa na bahati moja: mkewe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mashine ikaagizwa kwa jina la mke.

Akaanza kujipima mara tano kwa siku, akagundua kwamba sukari yake ilikuwa ikipanda na kushuka kama jahazi kwenye kusi. Akabadili chakula, akagawa insulini yake katika sindano ndogondogo, hali yake ikatengemaa. Aliandika makala kuwaeleza madaktari, majarida yakaikataa. Basi akaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka 45 ili wamsikilize. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90, umri ambao watu wa rika lake wenye kisukari cha aina hiyo hawakuahidiwa. Nakiri huyu ndiye nimpendaye katika hadithi yote hii. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wenye watu 1,441, ulithibitisha kwamba anayeidhibiti sukari kwa karibu huokoa macho, figo na mishipa yake ya fahamu. Kufikia hapo mashine za kutoboa kidole zilikuwa zimeshakuwa ndogo za kutosha kuingia mfukoni.

Simu ya mkononi ilifika Oman miaka mitatu baadaye, 1996, na 2005 kampuni ya Nawras ikaingia kushindana na ile ya taifa. Hakuna aliyeifikiria kuwa chombo cha tiba. Ujumbe mfupi ulikuwa njia mojawapo: mwaka 2014 Senegal, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ilianza kuwatumia wenye kisukari mawaidha ya afya kwa simu, na ikaanza na mwezi wa Ramadhani.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa imeshapigwa mwaka mmoja kabla, tena na mtu asiyetaka kusubiri. Mwaka 2013 John Costik, mtengeneza programu wa jimbo la New York, alikuwa na mtoto mdogo mwenye kisukari, aliyevaa sensa ya chini ya ngozi kama ya kijana wetu. Namba zilionekana tu kwenye kijikebe cha kuzipokea alichobeba mtoto, na baba alikuwa kazini. Akaunganisha kijikebe hicho na simu, akazipeleka namba kwenye intaneti, akawa anaisoma sukari ya mwanawe akiwa ofisini. Wazazi wengine wakamwomba, akawapa bure, na kazi yao ya pamoja ikaitwa Nightscout. Viwanda vilifuata nyuma: Abbott ikatoa FreeStyle Libre huko Ulaya mwaka 2014, sensa ya siku 14, na mwaka uliofuata Dexcom ikatoa sensa inayozungumza na simu moja kwa moja.

Na ndivyo tulivyofika kwa bi mkubwa. Amejifunza kwamba mshale una maana kuliko namba: 6 inayoshuka kwa kasi inatisha kuliko 4.5 iliyotulia. Binamu yake wa Dubai akimwambia sukari ya mwanawe ni 180 hashtuki tena, kwani kule hupima kwa miligramu, na 180 yao ndiyo 10 ya Maskati na ya Unguja. Ramadhani ndiyo inayomkosesha usingizi. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unawaweka wengi wa aina ya kwanza katika kundi la hatari kubwa, na anayefunga huambiwa afungue ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6. Kijana anataka kufunga kama wenzake. Mwaka huu walikubaliana na daktari siku chache za kujaribu, simu ikiwa shahidi.

Kijana mwenyewe ana lake la kusema. "Najiona kama nimefungwa kamera," aliniambia, na sikuweza kumkatalia. Bernstein aliitafuta namba ili awe huru na madaktari. Huyu namba yake inasomwa na bibi, mama, na mjomba aliye Matrah. Mie ningewashauri wakubwa wampunguzie wasomaji mmoja. Nina lawama pia kwa watengenezaji: sijakutana na programu ya sensa inayosema Kiswahili, na bibi huyu alifundishwa neno kwa neno na mjukuu anayemchunga.

Tena sensa inasoma majimaji ya chini ya ngozi, ambayo huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na jasho la Julai huibandua mapema. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto wa kisukari, usiitupe ile mashine ya kutoboa kidole. Iweke kwenye droo ya jikoni, na betri yake, na vijiti vyake vya kupimia ambavyo tarehe yake haijapita. Mtoto akitetemeka na simu inasema ni mzima, mtoboe kidole.