Mkufu wa Kasturba

Watu wengi husikia neno yoga wakafikiri ni kunyosha viungo na kutuliza pumzi tu. Lakini kitabu cha Patanjali, kilichotungwa Bara Hindi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, chataja kwanza miiko mitano: mtu asidhuru, aseme kweli, asiibe, azuie tamaa za mwili, na asijilimbikizie mali. Mwiko huu wa tano huitwa aparigraha. Kuutamka ni rahisi, msomaji. Kuushika ni kazi, kama utakavyoona.

Mwaka 1893 wakili kijana, Mohandas Gandhi, alifika Afrika ya Kusini, akawatetea Wahindi wa Natal bila kutaka malipo kwa utumishi huo wa umma. Mwaka 1901, alipokuwa tayari kurudi kwao, watu walimfanyia karamu za kumuaga, wakamtunukia vitu vya dhahabu, fedha na almasi. Miongoni mwake ulikuwamo mkufu wa dhahabu wa thamani ya gini 50, aliopewa mkewe, Kasturba.

Usiku ule Gandhi hakupata usingizi. Kuvirudisha vitu hivyo kulikuwa kugumu, na kuviweka kulikuwa kugumu zaidi, maana yeye mwenyewe alikuwa akiwahimiza watu waache kupenda mapambo. Aliwaeleza watoto wake kwanza, nao wakakubali. Kasturba alikataa. Alisema kwamba wanawe wataoa, na wake zao watahitaji mapambo. Na nani ajuaye ya kesho? Mumewe alipodai kwamba mkufu ulitolewa kwa ajili ya utumishi wake, Kasturba alijibu kwamba utumishi wa mume ni wa mke vile vile, kwani yeye ndiye aliyemtumikia mchana na usiku.

Hoja hizo zilimchoma Gandhi, kama alivyokiri baadaye katika maandishi yake. Hata hivyo hakubadili nia, na mwishowe mkewe aliridhia kwa shingo upande. Tunu zote ziliwekwa benki kwa hati ya amana, ziwafae Wahindi wa nchi ile.

Miaka miwili baadaye, huko Johannesburg, Gandhi alijifunza kwa bidii kitabu cha Gita, akakutana tena na fundisho la aparigraha. Alijiuliza: mwenye mke na watoto ataachaje mali? Jibu alilipata katika sheria alizosomea Uingereza. Mdhamini hushika mali nyingi, lakini hahesabu hata senti moja kuwa yake. Basi akaacha kulipia bima ya maisha yake, na mwaka 1904 akaanzisha makao ya Phoenix, karibu na Durban, ambako watu waliishi kwa kazi ya mikono yao. Alipouawa mwaka 1948, vitu vyake vilikuwa vichache mno: miwani, saa, makubadhi, bakuli.

Kasturba naye alishika maisha hayo ya kadiri, hata akafa kizuizini mwaka 1944. Waweza kusema kwamba siku ile ya mkufu alionewa, wala hukumu yako haitakuwa ya upuuzi. Kwa hiyo ukitaka kuishi kwa kiasi, jiulize mambo mawili: katika nilivyo navyo, kipi ni changu na kipi ni amana? Tena, nikiacha mali, ni nani mwingine atakayelipa gharama, na je, nimemwuliza?