Kompyuta ya Serikali na Daftari la Dukani

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Matombo, kabla hujamkabidhi fundi wa mjini hesabu za biashara yako, soma kisa hiki.

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa Wizara ya Fedha. Baadaye hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye kompyuta. Wataalamu wengi walitoka nje. Wetu waliojua kazi hiyo walikuwa wachache. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Mashine ilitangulia, watu wa kuitunza hawakuwa wameandaliwa.

Msimu uliopita mnunuzi mmoja wa hapa kwetu alichukua karafuu kwa mkopo, akaandika kilo za kila mkulima kwenye programu ya simu. Neno la siri alilijua fundi peke yake. Fundi akahama, simu hazipokei. Wakulima wakabaki wanabishania kilo zao.

Kwa hiyo, neno la siri uwe nalo mwenyewe. Andikianeni na fundi malipo yake na siku za kuja. Daftari usiliache mpaka umalize msimu mzima ukiandika kote kuwili na hesabu zilingane.