Ramani ya Daktari Burkitt

Leo katika historia tutasoma habari za saratani moja ya watoto, na jinsi ilivyopatiwa dawa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mvulana mdogo. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu, huko Jinja, alimwona msichana mwenye uvimbe kama huo. Kisu hakikufaa kitu, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mahali zaidi ya pamoja.

Burkitt akajiuliza: Wagonjwa hawa wanakaa wapi? Alipeleka barua na picha katika hospitali nyingi za Afrika. Kila mahali walipojibu kwamba wameuona ugonjwa huo, alipatia alama katika ramani. Mwezi wa Oktoba 1961 alitoka Kampala kwa motokaa kuukuu, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa majuma 10 walikwenda maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Ramani ikatoa jibu. Ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto zenye mvua, penye malaria. Katika milima yenye baridi haukuwako.

Huko London, Anthony Epstein alikuwa amesikiliza hotuba ya Burkitt. Alipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakaona virusi ndani yake. Leo twajua kwamba watu wengi wana virusi hivyo wala hawaugui. Lakini mtoto anayeshikwa na malaria mara kwa mara, mwili wake huweza kushindwa kuvizuia.

Dawa nazo zilijaribiwa Kampala, na uvimbe wa watoto wengine ukanywea kwa siku chache tu. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha matibabu hayo kwa msaada wa Marekani. Baadaye kiliongozwa na Mganda, Daktari Charles Olweny.

Watoto wengi huweza kupona wakiwahi dawa. Anayecheleweshwa huponyeka kwa shida. Basi mtoto akivimba taya au tumbo, msingoje. Mpelekeni hospitali.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kisu hakikufaa?
2. Ramani ilionyesha nini?
3. Hospitali iliyo karibu nanyi iko wapi?