Tembea uone, rudi uandike

Ndugu msikilizaji, ukimwomba mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi akutajie watu waliosafiri mbali wakaandika habari za safari zao, atakutajia Livingstone, Burton, Speke na Stanley. Wala hatakosea. Lakini mwulize swali la pili: katika watu wetu sisi, ni nani aliyekwenda kwao, akawatazama wanavyoishi, kisha akaandika? Hapo utasikia kimya. Wiki hii napenda tukizungumzie kimya hicho, kwa sababu watu hao walikuwapo.

Mimi ni mtu wa Migato, upande wa Bariadi. Mkoa wetu ulioanzishwa mwaka 2012 umepewa jina la mto Simiyu, na mto huo uliingia katika vitabu vya Ulaya kwa kalamu ya Henry Morton Stanley. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Akapita Usukuma, akafika ziwani Februari 1875, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 aliusifu mto huo kuwa ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile kwa upande wa kusini.

Sasa hebu tuwatazame wale waliokuwa nyuma yake. Walibeba mashua yake, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande vipande. Baadhi yao walizunguka naye ziwa zima. Kisha msafara ukaufuata mto Kongo, na mwezi Agosti 1877 wale waliosalia wakafika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Kutoka huko walirudishwa Zanzibar kwa meli, wakazunguka kusini mwa bara hili kupitia Cape Town. Walitoka pwani ya mashariki kwa miguu, wakarudi kwa meli wakitokea pwani ya magharibi! Safari yao ilikuwa ile ile ya Stanley, tena wao walikuwa na mzigo kichwani. Lakini leo tunasema "safari ya Stanley". Kwa nini? Kwa sababu Stanley ndiye aliyekuwa na daftari. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Naam, lakini wako waliokuwa na daftari. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Komoro aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja aitwaye Bumiller, alisafiri na bwana wake kutoka Ujerumani hadi Urusi, na kutoka Urusi akaingia Siberia. Wakati huo hapa kwetu reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa kutoka Tanga. Salim alipita katika nyika za Wakirgizi, wafugaji wanaohama na mahema yao na kunywa maziwa ya farasi, akaendelea hadi miji ya Waislamu wa Asia ya Kati kama Samarkand. Watu walikusanyika kumshangaa kwa rangi yake. Naye, badala ya kushangaliwa tu, aliwashangaa na wao, akaziweka habari zao katika Kiswahili: wanakula nini, wanavaa nini, wanaishije.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo panaponigusa. Tumezoea kwamba mwenye kutazama ni Mzungu na mwenye kutazamwa ni sisi. Salim aligeuza mambo. Msukuma wa Migato akisoma habari za wafugaji wanaohama na mifugo yao kufuata majani na maji, atawaelewa upesi kuliko alivyowaelewa profesa wa Berlin ambaye hajapata kuchunga hata mbuzi.

Lakini tusimalize furaha yetu mapema. Habari za Salim zilichapwa mwaka 1901 nchini Ujerumani, katika kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, ambacho kilikusanywa na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Wanafunzi wa chuo kile walikuwa ni pamoja na maofisa waliojiandaa kuja kututawala. Yaani mtu wetu alisafiri, mtu wetu akasimulia, kwa lugha yetu, lakini msomaji aliyekusudiwa hakuwa mmoja wetu. Kwa hiyo si ajabu kwamba jina la Salim bin Abakari halitajwi katika mazungumzo yetu ya barazani. Mali ilitiwa daftarini, lakini daftari lilikaa kwa jirani.

Sasa tusogee mbele miaka 35. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ilikuwa inafikiria kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kamati ya Bunge mjini London iliita mashahidi, na kutoka Tanganyika walikwenda Waafrika watatu. Mmoja alikuwa Martin Kayamba, karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Wa pili alikuwa Francis Lwamugira wa Bukoba. Wa tatu, na hapa watu wa Shinyanga na Simiyu natumaini mtatega sikio, alikuwa mtemi wa Kisukuma, Makwaia wa Usiha.

Kayamba alikuwa mtu wa kutembea tangu ujana. Alizaliwa mwaka 1891 Mbweni, Unguja, katika familia ya Kibondei. Alifanya kazi Mombasa na Nairobi, akafika hadi Uganda, kisha akarudi pwani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa katika himaya ya Wajerumani, nao wakamtia kizuizini hadi Tabora ilipotekwa mwaka 1916. Baada ya vita ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika huko Tanga, mwaka 1922. Huyo hakwenda London kama mtumishi wa kumbebea bwana sanduku. Alikwenda kusema.

Nao walisema. Waliieleza kamati kwamba Waafrika wa Tanganyika hawautaki muungano huo. Walijua hali ya Kenya, ambako masetla walikuwa wamejipatia ardhi na nguvu nyingi. Mwishowe kamati iliamua kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo ulikuwa haujafika. Sisemi kwamba sauti hizo tatu peke yake ndizo zilizoamua. Lakini zilisikika, na hilo si jambo dogo kwa mwaka 1931.

Baada ya safari hiyo Kayamba alifanya jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa vile vile. Aliandika kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichochapwa mwaka 1932. Litazame jina lenyewe: "tulivyoona". Wao ndio walioona. Tena "tulivyofanya", maana hawakwenda kutazama majumba tu. Na kwa kuwa kilikuwa katika Kiswahili, msomaji wake alikuwa karani wa Tanga, mwalimu wa Bukoba, au kijana wa shule wa Shinyanga.

Hapa nina swali linalonikera kidogo kama Msukuma. Mtemi Makwaia naye aliiona London. Naye alikuwa na macho yake, macho ya mtawala aliyezoea kuamua kesi za mashamba na ng'ombe. Alipoliona jiji lile, alilinganisha nini na nini? Sisi tunaifahamu safari yake kwa sababu mtu wa Tanga aliiandika. Tumshukuru Kayamba, lakini tujue kwamba jicho la Usukuma kuhusu London ya mwaka 1931 hatunalo katika kitabu.

Jambo hili halikuishia kwa watemi. Nilipokuwa mvulana, kulikuwa na mzee mmoja pale Migato aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, chini ya jeshi la KAR. Yeye aliita Bama, kama walivyoita wenzake wote. Alikuwa akitusimulia jinsi alivyokaa jioni moja na askari wa Kihindi ambaye hawakuelewana hata neno moja. Mhindi akamgawia chai. Kisha wakaanza kuoneshana kwa mikono ukubwa wa pembe za ng'ombe wa kwao, wakacheka mpaka wakaitwa zamu. Wote wawili walikuwa wachungaji waliovishwa sare. Mzee huyo alifariki zamani. Mwaka juzi niliwauliza wajukuu zake kuhusu safari ile, wakanijibu kwa heshima kabisa: "Guku alikwenda Bama." Basi. Miaka ya vita, bahari kubwa, misitu na mvua za Burma, yule Mhindi na chai yake, vyote vimebaki maneno matatu.

Kuna watakaosema kwamba sisi ni watu wa simulizi na nyimbo, na kwamba ngoma za Wagika na Wagalu zimetunza mengi kuliko karatasi. Nakubali. Lakini wimbo unamtaka mtu wa kuuimba na mtu wa kuupokea. Watoto wakihamia mjini, wimbo hauna nauli ya kuwafuata.

Na tusidhani kwamba kutembea kumekwisha. Wasukuma wamehama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Mbeya, Morogoro na Lindi. Madereva wetu wa malori wanalala Zambia na Kongo. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Guangzhou kununua bidhaa, na vijana wetu wanasoma nchi ambazo babu zao hawakuzisikia. Kila mmoja wao amekutana na Mhindi wake wa chai.

Kwa hiyo ombi langu wiki hii ni dogo. Daftari la shule halina bei ya kumshinda mtu, na simu nyingi za leo zinarekodi sauti. Mkalishe mzee wako, au kaka yako dereva, au shangazi aliyefanya kazi Uarabuni. Mwulize mambo matatu: ulipita wapi, ulikutana na nani, na ni kitu gani kilikushangaza. Andika majibu kwa lugha aliyoyasema, Kisukuma au Kiswahili, na jina lake uliweke juu, pamoja na tarehe.

Salim bin Abakari alikuwa mtumishi, na Kayamba alikuwa karani. Hakuna aliyesubiri kuwa mtu mkubwa ndipo aseme aliyoyaona. Kutembea tumetembea sana, ndugu msikilizaji. Kilichobaki ni kalamu.