Mbwa aliyekatwa mguu: linda mitatu iliyobaki

Mbwa aliyekatwa mguu baada ya kugongwa na gari mara nyingi husimama mwenyewe ndani ya siku moja au mbili. Wenye mbwa hushangaa. Kazi inayobaki ni kulinda ile miguu mitatu.

Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hiyo aliyepoteza wa mbele hupata tabu zaidi, hasa kushuka ngazi. Huyo muinulie bakuli la chakula, asiiname sana.

Adui mkubwa ni sakafu ya vigae. Mguu ukiteleza, hana mwingine wa kujizuia. Tandika mikeka ya mpira au zulia kuukuu kuanzia anapolala hadi mlangoni. Mkeka wa ukili nao huteleza, hausaidii kitu. Kucha zipunguzwe.

Usimnenepeshe kwa huruma. Mbavu zake uzipapase kirahisi. Matembezi yawe mafupi, mara tatu nne kwa siku. Akianza kujilaza njiani, rudi naye.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Akilialia usiku, mpigie daktari wa mifugo. Diklofenaki na ibuprofeni za watu usimpe kabisa: zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.